Mtoto Aliyefanywa Mpaka

Bonde lile lilikuwa na majina mawili, na kila jina lilikuwa limekwisha kuua mtu. Waliokaa juu, msituni, waliliita Shokani. Waliokaa chini, kwenye udongo laini wa kando ya mto, waliliita Mahindini. Ukitaka kuuliza njia ilikubidi kwanza uchague jina, na ukishachagua jina umeshamchagua atakayekupiga. Wageni wenye akili walinyoosha kidole tu, wakanyamaza.

Watu wa Shoka walisema ardhi ni ya yule aliyetangulia kuutia mti alama. Mtu anaingia msituni na shoka lake, anaubandua mwaloni gome, anachonga herufi ya jina lake kwenye nyama nyeupe ya mti, na kuanzia hapo hadi miguu itakapochoka, kote ni kwake. Watu wa Mahindi waliwacheka. Mti umeitikia nini? Umekatwa tu. Ardhi ni ya yule aliyefukia punje, kwa sababu punje ikichipua ardhi imesema ndiyo, na ndiyo ya ardhi haifutiki. Hivyo ndivyo walivyobishana, mvua na theluji, baba hadi mtoto, na ukiwasikiliza ungedhani wametoka pande mbili za dunia. Kumbe walivuka bahari moja kwa merikebu moja, wakatapikia ndoo moja, wakimkimbia bwana yule yule aliyewafukuza kwenye mashamba ya baba zao. Hilo hawakulisahau. Kila mmoja alilikumbuka peke yake, kama msiba uliompata yeye tu.

Na nani alikuwa wa kwanza kusema "changu"? Yerusha alikuwa na jibu. Mtoto mchanga hasemi changu. Analia, ananyonyeshwa, analala. Anaanza kusema changu siku ile anapoona mkono wa mwingine unakuja. Kwa hiyo neno hilo halikuzaliwa na kitu, lilizaliwa na mkono wa pili. Mtu akiwa peke yake duniani hana chake hata kimoja, na wala hakosi kitu. Yerusha alilifikiri jambo hili akisuuza nguo, akalipindua, akalikamua, akaliona limetakata. Hakuwa mtu wa kujishuku.

Alizaliwa Shokani, akaolewa Mahindini. Mumewe, Natani, aliangukiwa na mti. Ulikuwa mwaloni wenye alama mbili, kila ubavu wa shina alama yake, na siku moja watu wa Shoka waliukata kwa upande wao wapate mbao, na watu wa Mahindi wakaukata kwa upande wao ili kivuli kiache kulifunika shamba, saa ile ile, bila kusalimiana. Mti uliokatwa pande mbili haujui uelekee wapi. Ulimwelekea Natani, aliyekuwa amesimama katikati akiwaomba wangojane. Tangu hapo Yerusha alikaa na binti yake katika kibanda cha magogo palepale katikati, na moshi wa jiko lake ulitoka upande mmoja ukaenda kutua upande mwingine, ukalalamikiwa na wote. Binti aliitwa Stahimili. Jina alipewa na baba yake, na mama alikuwa halipendi, kwa sababu mtu akishaitwa Stahimili kila anayempita anaona ruhusa.

Yerusha alikuwa mama wa kuamka na kusikiliza kama mtoto anapumua. Lakini wasiwasi wake haukuwa wa kutetemeka. Ulikuwa wasiwasi wa mtu anayejua nyoka yuko wapi ndani ya nyumba, na amekwisha kuchukua gongo.

*

Walikuja wawili kwa hodi moja. Hapo hapo Yerusha alijua kuna balaa, maana Obadia na Zebuloni walikuwa hawajawahi kusema neno moja kwa pamoja. Obadia alikuwa mkubwa wa Shokani, na kwa Yerusha alikuwa mjomba, tumbo moja na mama yake. Zebuloni alikuwa mkubwa wa Mahindini, kaka wa marehemu Natani.

"Karibuni," akasema Yerusha. "Nani anaanza?"

Mlango ulikuwa mwembamba. Kila mmoja alitaka awe wa kwanza, wakasukumana mabega, wakakwama.

"Ingieni kiubavu, kama kaa."

Wakaingia kiubavu. Wakaketi. Zebuloni akakohoa.

"Shemeji, tumekubaliana jambo."

"Mungu wangu! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi atakufa. Nyie hamkubaliani bure."

Obadia akacheka kidogo, akajizuia alipoona Zebuloni naye anacheka. Kisha akaeleza. Mstari umepatikana. Utaanzia penye mwamba, uende hadi kwenye kisiki, ushuke mtoni, ukunje urudi. Kona nne, na kila mtu abaki upande wake. Shida ni kuutunza huo mstari. Waliweka mawe, mawe yakatembea gizani. Walitia miti alama, miti ikaungua pasipo radi. Sasa wanairudia desturi ya walikotoka, ya mababu: unamchukua mtoto, unazunguka naye mpaka wote, na kwenye kila kona unamcharaza fimbo ya nguvu. Mtoto hasahau mahali alipoumizwa. Hata akiwa mzee, mkipingana, mnamwita anawaonyesha.

"Jiwe linasogea," akasema Obadia. "Mti unaungua. Mtoto hasogei."

"Mtoto hasogei?" akauliza Yerusha. "Mjomba, umewahi kulea wewe?"

"Namaanisha kumbukumbu yake."

"Na watoto wote hawa bondeni, mmemwona Stahimili tu?"

"Damu yake, shemeji," akasema Zebuloni. "Nusu kwetu, nusu kwao. Shokani hawatamkataa na Mahindini hatutamkataa. Ni heshima kubwa."

Yerusha alimtazama binti yake, aliyekuwa chini ya meza akimvisha paka kitambaa, mtoto ambaye bado aliogopa radi na kuuliza kama mwezi unalala. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya chumvi:

"Jiwe mlilihamisha. Mti mliuchoma. Sasa mpaka ukiwa mtoto, siku mtu akitaka kuusogeza, atafanyaje?"

Obadia akamtazama Zebuloni. Zebuloni akatazama sufuria.

"Hilo haliwezi kutokea," wakasema wote wawili, kwa sauti moja.

Angekataa, wangemchukua tu. Tena wangemchukua mbalimbali, Shokani kivyao na Mahindini kivyao, na mtoto angepigwa mara mbilimbili. Yerusha aliliona hilo upesi, akachagua. "Nitakuwepo kila kona," akasema. "Nitamshika mkono mimi. Bila hivyo, mtafuteni mpaka mwingine." Wakakubali. Walipotoka, kiubavu, alikuwa amekwisha kujua la kufanya, na alijiona hodari.

*

Kesho yake mchana alikwenda kumwona Hagai, kwa sababu Hagai ndiye aliyefanywa mpaka kabla ya hapo, utotoni mwake. Alimkuta mzee wa watu amekalia kigoda nje, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Pande zote zilikuwa zimemkataza kukisogeza. Watu wa Shoka walimletea nyama ya paa, watu wa Mahindi walimletea uji, na kila bakuli lilikuja na swali lake.

"Shikamoo, mzee Hagai."

"Marahaba. Umeleta chakula au umeleta swali?"

"Swali."

"Angalau husemi uongo. Uliza."

"Ulipigwa wapi?"

"Mgongoni!" Hagai akacheka hadi akakohoa. "Siku hizi nawajibu hivyo hivyo wote. Mwanangu, mimi waliniharibu. Watu wa Shoka walinichukua asubuhi, wakanipiga penye mwamba, wakasema kumbuka. Wa Mahindi wakasikia, wakaniiba mchana, wakanipiga penye kijito, wakasema kumbuka. Sasa ndani yangu mna mistari miwili na haisalimiani. Nikilalia ubavu huu nashuhudia Shokani. Nikigeuka, Mahindini."

"Iliuma sana?"

"Kuuma kulipita. Kilichobaki si kuuma." Akainama, akamshika mkono. "Fimbo ni fimbo tu, mama. Angalia wasimwambie maneno. Yale maneno ndiyo..."

Mtu wa Shokani akatokea na bakuli la nyama, na Hagai akanyoosha kidole upande wa kumridhisha mleta nyama. Yerusha akarudi nyumbani. Alikuwa amesikia fimbo. Maneno hakuyaweka moyoni. Akatoa sufu ya kondoo sandukuni, akaanza kumshonea binti yake gauni nene lenye tabaka ndani ya tabaka, akiimba.

*

Safari ya kuuzunguka mpaka ilichukua asubuhi moja. Wengine watakwambia ilichukua umri wa mtu. Wote wanasema kweli, na hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Barafu ilikuwa inakatika mtoni, ikipasuka kama milango inayofunguliwa mbali. Obadia alishika ncha moja ya mnyororo wa kupimia ardhi na Zebuloni akashika ncha nyingine, kwa sababu hakuna aliyemwamini mwenzake kuushika peke yake. Kila mmoja aliuvuta kwake. Pete za mnyororo zikatanuka, na kadiri mnyororo ulivyorefuka ndivyo bonde lilivyopungua, hadi ndege waliokuwa juu wakasogeleana. Nyuma yao walitembea watu wa pande zote mbili, kimya, wakiangalia viatu vyao visivuke. Katikati alitembea Yerusha na binti yake mkononi.

Kona ya kwanza ilikuwa mwamba. Stahimili akasimamishwa. Wale wazee wawili wakashika fimbo moja, mkono wa Obadia juu, wa Zebuloni chini, wakahesabiana kwa macho, wakapiga. Fimbo iliingia kwenye sufu ikatoa sauti ya mto wa kulalia.

"Hapa ndipo hapa," wakasema wazee.

Mtoto hakulia. Akamtazama mama yake akakonyeza, kama walivyopatana. Yerusha akakonyeza naye, moyo umejaa. Nimewaweza, akawaza. Nimewaweza, wajinga wakubwa.

"Mnene huyu mtoto," akanung'unika Obadia.

"Anakula vizuri, mjomba."

Akainama amfunge binti yake kamba ya kiatu iliyolegea. Haikuwa imelegea. Ilikuwa imekatika. Kiatu kilikuwa kimepasuka ubavuni, na ndani yake ulikuwa mguu wa mwanamwali. Yerusha akainua macho taratibu, magoti, kiuno, kifua, hadi akafika kwenye uso uliokuwa sawasawa na wake yeye siku aliyoolewa.

"Mama," akasema Stahimili kwa sauti nzito kidogo. "Sikuumia hata kidogo."

"Najua."

"Sasa mbona nimekua?"

Yerusha akawageukia wazee. "Mmeona? Mmeona mlichofanya? Tunarudi."

Zebuloni alikuwa anamzunguka Stahimili kama mtu anayemkagua ng'ombe, na uso wake ulikuwa umefurahi. "Lakini shemeji, hii ni baraka! Shahidi mtoto watu humdharau. Huyu sasa ana uzito."

"Amepevuka," akasema Obadia. "Twende, twende, jua linapanda."

Wakaendelea kutembea. Upande wa kushoto watu wa Shoka, upande wa kulia watu wa Mahindi, na katikati msichana aliyekuwa anatazama mikono yake.

"Mama, mkono wangu huu ni wa kwa babu Obadia. Na huu ni wa kwa baba mkubwa. Nikitaka kupiga makofi navuka."

"Ni mikono yako yote miwili."

"Wewe unasema. Yenyewe inasema hapana. Ndani kuna watu wanapima. Wananikanyaga, mama, wanapita na viatu."

Yerusha alifikiri kwa haraka, na kwa uhodari wake uleule. Sufu ilizuia maumivu, na bado mtoto amekua. Kwa hiyo ni uzito wa fimbo. Walipiga kwa nguvu mno. Wakipiga kidogo, madhara yatakuwa kidogo. Akamnong'oneza binti yake: tukifika, lia kabla hawajakugusa, lia kama unachinjwa.

Kona ya pili ilikuwa kisiki cha ule mwaloni uliomwua Natani. Wazee wakainua fimbo, na Stahimili akapiga ukelele uliowarusha bata mzinga wote kutoka vichakani. Wazee wakashtuka. Watu wakaguna. Fimbo ikamshukia begani polepole kwa aibu, nyepesi kama unyoya.

"Hapa ndipo hapa," wakasema.

Na nywele za Stahimili zikawa nyeupe.

Haikuwa ghafla. Zilianzia masikioni, zikapanda kama sakitu, umande ulioganda, inavyopanda kwenye nyasi, na mgongo ukainama kidogo, na mikono ikatoa mishipa. Alikuwa amesimama pale bibi kizee, amevaa gauni la sufu la kitoto lililompasukia, akifuta machozi ya uongo ambayo sasa yalikuwa ya kweli. Zebuloni, aliyekuwa amesimama mbele yake, akainamisha kichwa bila kufikiri, kama kila mtu aliyelelewa vizuri:

"Shikamoo."

"Marahaba, baba mkubwa," akajibu mtoto.

Hakuna aliyecheka. Yerusha naye neno lilimpanda kooni, akalibana kwa meno. Ingekuwaje ampe shikamoo mtu ambaye yeye ndiye aliyemnyonyesha? Na akiacha kumpa, atakuwa amemdharau mzee. Alisimama hivyo, mama kijana mbele ya binti mkongwe, na mara ya kwanza katika maisha yake hakujua la kusema.

Kisha akajua.

Mpaka. Alilisema neno kimoyomoyo. Mpaka. Watu wanalitumia kila siku na hawasikii wanachokisema. Mpaka wapi? Mpaka mwambani. Mpaka lini? Mpaka kesho, mpaka kufa. Neno ni hilo hilo moja kwa mahali na kwa muda. Ukiweka mpaka kwenye jiwe, jiwe halijali, lenyewe halina kesho. Ukiuweka kwenye mti, mti unangoja. Lakini ukimwambia mtoto wewe ndiwe mpaka, umemwambia wewe ndiwe mwisho. Umemchukulia mpaka-lini wake ukaufanya mpaka-wapi wako. Unakula miaka yake upate hatua za shamba. Haikuwa sufu. Haikuwa fimbo, nzito au nyepesi. Yalikuwa maneno, hapa ndipo hapa, na yeye alikuwa amesimama pembeni anachezea manyoya ya kondoo huku wanamwaga umri wa mwanawe chini kama maji ya kunawia. Wenye watoto, sikilizeni hapo. Sote tunaiangalia fimbo. Fimbo inaonekana. Anayetaka kukuibia mtoto atakuachia uizuie fimbo, ujisifu, huku yeye anasema maneno.

"Twende," akasema Obadia. "Mtoni."

"Twende," akasema Yerusha, na Obadia alishangaa alivyolisema.

*

Kona ya tatu ilikuwa mtoni, na palikuwa na mtu.

Alikuwa mwanamke mnene, mtu mzima, amesimama kwenye maji ya barafu hadi magotini. Alikuwa anatengeneza uzio wa kunasia samaki, anachomeka vijiti kimoja kimoja pale barafu ilipouvunja. Nyuma yake, kwenye mwinuko, moshi ulikuwa unapanda, na kando ya moshi palikuwa na makaburi mengi, mengine ya zamani hadi yamekuwa vilima tu vyenye nyasi. Alikuwa mtu wa wale waliokuwepo. Bondeni hawakuwa na neno jingine la kuwaita, na hilo lenyewe walilisema kwa sauti ndogo.

Aliinua kichwa, akautazama mnyororo, akawatazama wazee, akarudia kijiti chake.

"Mnatafuta nini leo?"

"Hatuna shida na wewe, mama," akasema Zebuloni. "Tunapima tu. Sisi na hawa tuna ugomvi wa ardhi."

"Ardhi ipi?"

"Hii."

Mwanamke akacheka, kicheko cha tumboni kabisa, hadi ikambidi ashike uzio. "Mnagombea kitanda nami nimekilalia!"

Watu wengine wa nyuma wakacheka pia, kisha wakakumbuka wako upande gani.

"Unaitwa nani wewe?" akauliza Obadia kwa ukali.

"Sisemi. Nikiwaambia leo, kesho mtauita mto huu hivyo."

Obadia akageuka, amekasirika, akamvuta Stahimili ukingoni. Fimbo ikainuliwa, mkono juu na mkono chini. Lakini mara hii maneno yalitangulia, na hayakuwa yale ya kwanza.

"Kumbuka," wakasema wazee pamoja. "Hapa hapakuwa na mtu."

Stahimili akamtazama mwanamke aliyekuwa ndani ya maji. "Na huyu?"

"Kumbuka unavyoambiwa! Hapa hapakuwa na mtu."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya desturi ile tangu kwa mababu, na Yerusha aliiona yote, kama mtu anayeona sakafu baada ya kuinua mkeka. Walidai wanampiga mtoto akumbuke. Walikuwa wanampiga asahau. Mwamba na kisiki vilikuwa vya kumzoesha tu kuitikia. Kona yenyewe ilikuwa hii.

Akatembea, hakukimbia. Akaishika ile fimbo katikati, kati ya mkono wa mjomba wake na mkono wa shemeji yake.

"Toa mkono, Yerusha."

"Mwanangu," akasema Yerusha bila kuwatazama, "unamwona nani?"

"Shahidi haulizwi na mama yake!" akapaza sauti Zebuloni.

"Ataulizwa na nani? Na fimbo? Mwanangu, sema. Usiseme ninachotaka mimi wala wanachotaka hawa. Unaona nini?"

Bibi kizee akafumba macho, na alipofumba akaanza kusema, na sauti ilikuwa ya yule mtoto wa chini ya meza, nyembamba, isiyojua kupaka rangi.

"Namwona mama anatengeneza uzio wa samaki. Namwona mama yake anautengeneza. Na mama wa mama yake. Naona mashamba ya baba mkubwa, pale mlipofukia punje ya kwanza. Hamkukata mti hata mmoja. Mlikuta pamelimwa. Matuta yalikuwepo, mkasema Mungu ameyatengeneza. Babu Obadia, ule mwaloni wa herufi yako. Ulipobandua gome ulikuta alama nyingine ndani, ya zamani, umbo la samaki. Ukaikata kwanza, ndipo ukachonga jina lako. Uliangalia nyuma kama kuna mtu."

Obadia alikuwa amekuwa mweupe kama chaki. "Hakuna anayejua hilo," akanong'ona. "Hakuna..."

"Mlinifanya nikumbuke," akasema Stahimili. "Mliniambia mimi ni mpaka. Sasa nakumbuka mpaka mwanzo. Sikujua kwamba mlitaka nianzie kwenu tu."

Maji yalipita. Barafu ikapasuka mahali. Watu wa Shoka hawakuwatazama watu wa Mahindi, na watu wa Mahindi hawakuwatazama watu wa Shoka, na kwa mara ya kwanza haikuwa chuki. Ilikuwa aibu, na ilikuwa moja, na ingewatosha wote kama wangekubali kuigawana. Yerusha aliiona ikining'inia pale, karibu kabisa, kama tunda la kuchumwa. Mtu mmoja angesema neno moja.

Obadia akalisema. "Shahidi huyu amezeeka. Akili imemruka."

"Hafai," akasema Zebuloni upesi, kwa shukrani. "Hatukusikia kitu. Nani amesikia kitu?"

Hakuna aliyesikia kitu. Walipatana vizuri sana, wakapatana kwa ulaini kama ndugu, hata wakashikana mabega. Walitangaza palepale kwamba Yerusha na binti yake hawana upande, si juu wala chini, na atakayewapa moto atahamishwa nao. Kisha wakaokota mnyororo, kila mmoja ncha yake, wakageuka kupanda bondeni. Yerusha alimsikia Zebuloni akimwuliza Obadia, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi ya kesho:

"Yule mtoto wa Melkia je? Yule mdogo?"

"Mdogo sana."

"Atakua."

Hapo Yerusha alipanda kwenye jiwe la ukingoni akapaza sauti. Haikuwa sauti ya kilio. Aliziita nyumba, moja moja, kwa majina ya mama waliomo: mke wa Melkia, mama Tirza, Abigaili wa kisimani, nyote wenye watoto, hawaji kwa panga, wanakuja kwa adabu, watasema ni heshima, watakuachia umshike mtoto mkono, mshikeni mtoto mdomo na masikio pia, msiwaache waseme naye! Sauti ilikwenda ikagonga msitu. Mlango mmoja ulifungwa huko juu. Mwingine huko chini. Haikujulikana kama ni wa kuficha mtoto au wa kukwepa sauti. Yerusha aliendelea kuita. Mlango wa tatu ukafungwa, na huo akausikia ukitiwa komeo.

Aliposhuka, Stahimili alikuwa ameketi kwenye nyasi zenye maji, nywele nyeupe zimemshuka mabegani. Hazikurudi kuwa nyeusi. Alikuwa anatetemeka. Yerusha akainama, akamfunga kwa shuka mgongoni mwake, akambeba, akashangaa alivyokuwa mwepesi.

Mwanamke wa mtoni alikuwa ameacha vijiti vyake. Alikuwa amesikia yote, na uso wake haukuwa wa kuwashukuru wala wa kuwahurumia. Aliwatazama kama mtu anayetazama mlango wake na mgeni aliyesimama hapo.

"Na ninyi mnataka nini?"

Yerusha alifungua kinywa. Maneno ya kwao yalimjia yote kwa desturi, yamepangwa tayari: hapa pazuri, hapa patatufaa, tutajenga pale. Aliyahisi kwenye ulimi, akayasukuma nyuma yote, na ilikuwa kazi nzito kuliko kumbeba mtu. Ndipo akasema:

"Tuketi wapi?"

Yule mwanamke akainamisha sikio, kama hakusikia vizuri. "Rudia."

"Nauliza tuketi wapi."

Akalifikiri swali, maji yakimpita magotini. Alilifikiri kwa muda mrefu, kama kitu kigeni ambacho mtu hajui akishike upande gani. Kisha akaonyesha kwa kidevu mahali penye jua, mbali na makaburi, karibu na moto.

"Pale," akasema. "Na msipande kitu."

Yerusha akaenda, akamshusha mwanawe taratibu pale alipoonyeshwa, wala hakuzidisha hata hatua.